Nukta Iliyoacha Barabara

Mara nne. Mwantumu alizihesabu, akarudia, akazihesabu tena, kama mtu anayetafuta kosa kwenye jambo asilotaka liwe kweli. Mara nne ndani ya mwezi mmoja gari namba kumi na nne liliacha barabara kuu pale karibu na Chumbi, likakata kuelekea bondeni, likasimama huko dakika arobaini, kisha likarudi barabarani na kuendelea na safari zake kana kwamba hakuna lililotokea.

Hakuambiwa na mtu. Aliambiwa na kompyuta.

Baada ya mvua za El Nino kuila barabara ya kusini, kampuni ya malori aliyofanyia kazi pale Kibiti ilichoka kupotelewa na magari topeni. Lori lilikuwa likizama huko Muhoro, dereva analala siku tatu juu ya magunia, na ofisini hakuna anayejua kama yuko hai. Ndipo walipokuja mafundi kutoka Dar es Salaam, wakafunga juu ya kila gari kitu cheupe, mfano wa bakuli lililofudikizwa. Bakuli lile lilizungumza na setilaiti huko juu, setilaiti ikazungumza na dishi lililowekwa juu ya bati la ofisi, na mwisho wa mazungumzo yote hayo ilikuwa nukta nyekundu kwenye kioo kilichokuwa mbele ya Mwantumu. Kila dakika kumi nukta zilisogea. Barabara ilikuwa mstari mweusi, mto Rufiji mstari wa buluu. Kwingine kote ramani ilikuwa tupu, nyeupe, kana kwamba Mungu hakuumba mtu nje ya barabara.

Na huko kwenye weupe ndiko nukta ya Mudathiri, dereva wa namba kumi na nne, ilikokwenda.

Kazi ile Mwantumu aliipata kwa jasho. Mwaka ule alioachwa na mumewe Ashrafu alikwenda kukaa kwa shangazi yake Temeke, akasoma masomo ya jioni, kupiga chapa kwanza, kisha kompyuta, binti yake Nasma akiwa mgongoni ananyonya kidole. Ashrafu alikuwa dereva. Alikuwa pia, kama Mwantumu alivyokuja kujua mtaa mzima ukiwa umekwisha kujua, mume wa mwanamke mwingine huko Nangurukuru, mwenye watoto wawili na nyumba ya bati. Miaka mitatu Mwantumu alipika, akafunika, akangoja, akiamini kila alichoambiwa kuhusu tairi na springi.

Sasa Nasma alikuwa na miaka minne, na barua ya posa ya Mudathiri ilikuwa imeletwa wiki mbili zilizopita, imefungwa ndani ya leso nyeupe. Baba mdogo wa Mwantumu, mzee Bushiri, aliisoma mara mbili, akasema jibu litatoka Ijumaa baada ya sala. Mama yake, Bi Mwamini, hakungoja Ijumaa.

"Umetoka kwa dereva unarudi kwa dereva," alisema, huku akipepeta mchele kwa nguvu kuliko mchele ulivyohitaji. "Hao watu nyumba yao ina magurudumu, mwanangu. Wewe utakuwa kituo tu."

Mwantumu alimtetea Mudathiri. Alisema huyu ni mwingine, ni mpole, mkewe alifariki hakuachwa, mama yake yuko Mkongo anajulikana. Yote hayo aliyasema mchana. Usiku alilala macho, nukta ile nyekundu ikimwakia gizani.

Ijumaa yenyewe ilikuwa kesho.

Palikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha. Sheria ya ofisi ilisema gari likiacha njia, karani aandike kwenye daftari: gari gani, wapi, muda gani. Bwana Haruni, msimamizi wa yadi, alilipitia daftari lile kila Jumamosi, na dereva aliyeandikwa mara mbili alirudisha ufunguo. Mwantumu hakuandika hata mara moja. Akawa hajui anamficha Mudathiri, au anajificha yeye mwenyewe asisome alichokiandika.

Asubuhi ile ya Alhamisi alifika yadi mapema, kabla jenereta halijawashwa. Mudathiri alikuwa amefika jana jioni kutoka Lindi, akalala humo humo garini, na saa tatu alitakiwa kuondoka tena na saruji. Mwantumu alimkuta amepanda ubavuni mwa lori, anakaza kamba za turubai. Mikono yake ilikuwa mikubwa, lakini ilifunga fundo taratibu, kama anayemfunga mtoto kitambaa. Kwa kawaida Mwantumu aliiona mikono hiyo akasahau alichokuwa akitaka kusema. Leo alikuwa amekirudia njiani toka nyumbani, na hakukisahau.

"Umeamkaje, mama Nasma?"

"Salama."

Hakumwuliza yeye kaamkaje. Mudathiri aliliona pengo hilo, akashuka chini, akajipangusa vumbi la saruji kwenye suruali. Alikuwa na macho ya mtu asiye na haraka, yakikutazama yanakaa. Yakamkaa Mwantumu usoni, na Mwantumu akayakimbia, akatazama gurudumu.

"Pale karibu na Chumbi," alisema, "unapokata kwenda bondeni. Kuna nani?"

Mudathiri hakushtuka, na hilo likamuudhi Mwantumu zaidi.

"Umeniona lini?"

"Jumatatu unakwenda, na jana unarudi. Na kabla ya hapo mara mbili."

"Mara nne zote."

"Zote."

"Na hukuuliza."

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja uulize," alisema Mudathiri.

Mwantumu alilijua jibu la namna ile. Lilikuwa jibu la mwanamume anayetafuta nafasi ya kupumua. Akakaza kanga kiunoni.

"Basi nauliza. Kuna nani?"

"Kuna mama."

"Mama yako yuko Mkongo. Salamu za kumpelekea nimeziandika kwa mkono wangu."

"Mama yake Mwanahalima."

Jina la mkewe marehemu lilipita kati yao. Kisha Mudathiri akaeleza, kwa sauti ya chini, maneno machache machache. Bi Zena, mkwewe, hakuzaa mtoto wa kiume. Msimu wa mpunga ukifika anahamia bondeni kama watu wote wa kule, anaishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, analinda ndege mchana na nguruwe usiku. Maji ya kunywa yako mbali, na miguu imevimba. Kwa hiyo Mudathiri, kila apitapo, anampelekea madumu mawili ya maji, chumvi, sabuni na dawa ya miguu. Alianza mkewe akiwa hai. Mkewe alipofariki na mtoto tumboni, hakuona pa kuachia.

Mwantumu alisikiliza, na moyo wake ukaanza kulegea, akauzuia.

"Na huko dunguni anaishi peke yake?"

Mudathiri angeweza kusema ndiyo. Mwantumu alikuja kulikumbuka hilo baadaye.

"Hapana. Anaishi na Sihaba. Mdogo wake marehemu."

"Mkubwa?"

"Ana miaka kumi na tisa."

"Mzuri?"

Swali lilimtoka kabla hajafunga mdomo. Mudathiri akashusha macho, akakwangua saruji iliyoganda kwenye kidole gumba.

"Wanataka nimwoe," alisema. "Akae mahali pa dada yake. Ndivyo wanavyofanya kwao, na si ubaya, ni kwamba hawataki kunipoteza. Nimemwambia Bi Zena mara tatu kwamba moyo wangu umekwenda Kibiti. Ananisikiliza, halafu ananiuliza habari za mvua."

"Kwa hiyo kumbe nina mshindani, na kesho watu wanakuja nyumbani kula wali."

"Huna mshindani. Lakini sitaki nioe nikiwa nimemgeuzia yule mama kisogo. Nataka aniachie kwa kinywa chake. Leo napita kwa mara ya mwisho kabla ya kesho."

Lo, neno hilo. Laiti angelisema jingine lolote. Mwantumu alilisikia kwa sauti ya Ashrafu, akalisikia na harufu ya dizeli na marashi ya mwanamke mwingine.

"Ashrafu naye kila safari ilikuwa ya mwisho," alisema.

Mudathiri akageukia gari. Ule upole wa usoni haukuondoka, ila ulirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa bado hajabisha hodi.

"Mimi si Ashrafu."

"Na mimi si yule mjinga wa zamani."

"Utanitazama kwenye kioo?"

"Ni kazi yangu."

"Basi nitazame," alisema, akapanda garini.

Lori likaondoka na vumbi lake. Mwantumu akabaki amesimama pale, mikono imekumbatia mwili wake mwenyewe, hajui amemshinda nani.

Hakufanya kazi ya maana asubuhi ile. Alikaa, akainuka, akachungulia dirishani, akakaa. Aliyasoma maelezo ya mizigo bila kujua ameyasoma. Katika sanduku la mbao chini ya meza alikuwa na karatasi moja ya printa aliyoificha tangu mwezi wa pili. Kupitia bakuli lile dereva na ofisi waliweza pia kuandikiana, lakini kampuni ilikataza ujumbe usiohusu mzigo, matengenezo au kivuko, na kila ujumbe nakala yake ilikwenda Dar es Salaam. Siku ile Mudathiri alikuwa amekwama Somanga, akaandika kama sheria itakavyo: MZIGO SALAMA. Kisha akaongeza neno moja: WEWE? Mwantumu alilitazama neno lile dakika kumi nzima, uso unawaka, kabla hajajibu: SALAMA. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao yote kwa miezi miwili, neno moja lililopanda mbinguni likashuka. Leo aliifunua karatasi ile, akaikunja tena, akaifungia.

Saa tano akaingia Kibwana, dereva wa namba tisa, mtu wa maneno mengi na ndevu chache, amekuja kutia sahihi ya safari yake. Jana gari lake lilikuwa limepotea kabisa kwenye kioo kwa saa mbili na nusu, pale pale Somanga.

"Niandike nini?" Mwantumu akamwuliza.

"Andika mawingu, dada yangu. Siku hizi mawingu mazito. Setilaiti haioni kitu."

Mawingu. Mwantumu alikuwa ameandika neno hilo mara ngapi, kwa magari mangapi, na Bwana Haruni akatikisa kichwa na kusema teknolojia nayo ina mipaka yake. Lakini leo hakuwa mtu wa kuandika tu.

"Namba sita alikuwa nyuma yako, mahali hapo hapo, saa hiyo hiyo. Mbona yeye alionekana? Wingu lilikuwa lako peke yako?"

Kibwana akacheka, akatazama mlango, akasogeza kiti.

"Dada, ukinichongea watoto wangu watakuja kula kwako. Si mawingu. Ni sufuria."

"Sufuria?"

"Unapanda juu, unalifudikiza sufuria juu ya lile bakuli, unaweka jiwe upepo usiliangushe. Kwisha. Huko juu hawakuoni tena, hata uhame nchi. Namba sita yeye alisahau jiwe."

Mwantumu akamtazama. Akaziona nukta zote zile zilizokuwa zikizimika na kuwaka, miezi yote hiyo, na yeye akiandika mawingu, mawingu, kwa mwandiko mzuri wa darasa la jioni.

"Madereva wote mnafanya hivyo?"

"Wote. Hata mzee wa namba mbili, na Makka kaenda. Isipokuwa huyo wako." Kibwana alisema huyo wako bila kupepesa, kama jambo linalojulikana sokoni. "Tumemwambia, wewe mtu wa ajabu, kila wiki unaacha njia unampelekea mkweo maji, na sufuria unalo, jipya, kubwa kuliko yetu. Funika, mtu wangu, utafukuzwa. Hataki. Anapikia wali tu."

"Kwa nini hataki?"

Kibwana akavuta daftari, akatia sahihi yake iliyolala.

"Anasema ofisini kuna mtu anayemtazama, na yeye anataka atazamwe."

Alipotoka, Mwantumu aliweka viganja viwili juu ya meza akavitazama. Miaka mitatu aliishi na mtu aliyefunika kila kitu. Na huyu alikuwa na sufuria. Alikuwa na sufuria, na kazi ya kupoteza, na hakufunika hata siku moja. Alikwenda wazi, mara nne, mbele ya macho yake, akangoja aulizwe. Na alipoulizwa, akasema hata habari za Sihaba ambazo hakuna aliyemlazimisha kuzisema. Na yeye Mwantumu akampa jina la Ashrafu.

Angemwandikia. Akaweka vidole kwenye vitufe, akaviondoa. Aandike nini, na Dar es Salaam wanasoma? Nukta ilikuwa Ikwiriri. Kisha ikawa Ndundu, ikingoja kivuko. Ikangoja, ikangoja. Mwantumu alitembea kutoka mezani hadi dirishani, akinywa maji hadi ndoo ikaisha, na nukta haijavuka. Kuamini kwamba mtu ni mkweli hakukumtuliza. Sasa alikuwa na cha kupoteza. Mtu mkweli anaweza kukatazwa. Bi Zena akisema hapana, Mudathiri hatamvunja yule mama moyo, na yeye mwenyewe, kwa maneno yake ya asubuhi, alikuwa amempa sababu ya kutomvunja.

Saa tisa, nukta ikiwa ng'ambo ya mto, Bi Mwamini akaingia ofisini amemshika Nasma mkono. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikisogelea kiti kama anayeogopa kitamwuma, akakaa ncha.

"Baba yako mdogo anataka neno," alisema. "Kesho si mbali. Anauliza awapikie watu au awape udhuru."

"Mama, ngoja kidogo."

"Nimengoja wiki mbili. Unalia nini?"

"Silii."

Nasma alikuwa amekwisha kufika kwenye kioo, kidole kimenyooka. "Mama, hiki chekundu kinakwenda."

Bi Mwamini akageuka. Nukta ya namba kumi na nne ilikuwa imeacha mstari mweusi.

Hapo Mwantumu hakuwa na la kuficha, wala hakutaka tena kuwa mtu wa kuficha. Akamweleza mama yake yote: mara nne, bondeni, Bi Zena, madumu ya maji, Sihaba na miaka yake kumi na tisa, na sufuria. Bi Mwamini alisikiliza mdomo umefungwa. Yalipofika ya Sihaba aliguna. Yalipofika ya maji na dawa ya miguu hakuguna.

"Anampelekea mama wa marehemu," alisema, kama anayerudia hesabu isiyotoka. "Aliyekwisha kuzikwa."

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu sasa."

Bi Mwamini akavua kiatu kimoja, akakikung'uta mchanga, akakivaa tena. "Ashrafu hajaniletea hata chumvi," alisema, "na mimi ni mkwe wake aliye hai, na njia ya gari inapita mlangoni."

Mashine ikalia. Mwantumu akaruka. Herufi zikatokea moja moja, kubwa, zile za garini zisizojua kunong'ona.

BI ZENA YUKO GARINI NAMI. ANATAKA KUSEMA NAWE. NAANDIKA ANAVYOSEMA.

Mwantumu alisoma kwa sauti. Ujumbe ulichukua dakika nne, tano, kupanda na kushuka. Muda wa kutosha mtu kufa na kufufuka. Akamwona yule mama moyoni mwake, amekaa kiti cha mbele cha lori katikati ya mpunga, miguu iliyovimba haifiki chini, akiamuru maneno.

MIMI ZENA. HUYO MWANAMKE ANA MTOTO?

Mwantumu akalisoma mara mbili. Swali hilo wengine walikuwa wamelitumia kumfungia mlango. Akaandika: NINAYE MMOJA. WA KIKE. MIAKA MINNE. ANAITWA NASMA. Akabonyeza kabla hajajihurumia.

Wakangoja. Jenereta likanguruma, likakohoa, Mwantumu akashika meza kama angeweza kulizuia lisizimike. Likaendelea.

ANAKULA NINI?

"Kauliza nini?" Bi Mwamini akasema. Alipoambiwa, akasogeza kiti chake chote, safari hii bila kuogopa. "Mwambie anakula kila kitu ila bamia. Mwambie anayesema ni bibi yake, Mwamini binti Faraji. Andika."

"Mama, herufi ni chache."

"Yangu yaingize. Yako utayasema siku nyingine."

Akaandika. Maneno ya Bi Mwamini yakaondoka kupitia dishi la batini, yakapanda, na Bi Mwamini akainua macho darini kuyasindikiza. Aliuliza yanapita wapi. Mwantumu akamwambia yanakwenda juu kabisa, yanarudi. Bi Mwamini akasema hata dua inakwenda njia hiyo hiyo, kwa hiyo haoni ajabu.

Jibu lilipokuja lilikuja kwa vipande vitatu, na Mwantumu alivisoma kwa mpigo, asipumue.

MWAMINI NIMEKUSIKIA. MJUKUU WANGU ALIZIKWA NA MAMA YAKE SIKUMWONA USO.

SIHABA ANA MCHUMBA WA NGARAMBE ALIKUWA ANAOGOPA KUNIAMBIA. KASEMA LEO. MUDATHIRI NIMEMWACHIA KWA KINYWA CHANGU.

ILA ASIACHE KUPITA. NA HUYO MTOTO MNILETEE NIMWONE. MPUNGA UNAIVA NATAKA WA KUNIFUKUZIA NDEGE.

Nasma aliyesikia habari za ndege aliuliza ni ndege gani, akaambiwa wengi. Bi Mwamini alijipangusa uso kwa pembe ya kanga, mara moja, kwa hasira, kama anayefuta masizi.

"Mjibu mwenzangu," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Sasa mimi ndiye ninayeolewa?"

Mwantumu akaandika: APITE DAIMA. NASMA TUTAMLETA. SHIKAMOO MAMA. Kisha vidole vikabaki juu ya vitufe. Kulikuwa na jambo jingine, la asubuhi, ambalo halikufaa kungoja hadi gari lirudi. Dar es Salaam watasoma, wasome. Akaongeza: MUDATHIRI WEWE SI YEYE. NISAMEHE.

Akabonyeza, na akiwa bado na ujasiri ule akavuta daftari la Bwana Haruni, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Namba kumi na nne, aliacha njia karibu na Chumbi, dakika hamsini hadi sasa, kumpelekea mkwe maji. Mara ya tano. Zile nne za mwanzo sikuandika, kosa ni langu. Akatia jina lake kamili. Jumamosi Bwana Haruni angesoma, na huenda Jumatatu wasingekuwa na kazi, yeye na mumewe mtarajiwa wote wawili. Aliiogopa siku hiyo, lakini hakufuta neno.

"Nimwambie Bushiri apike wali kiasi gani?" Bi Mwamini aliuliza akiwa mlangoni, amekwisha kumshika Nasma mkono.

"Mwingi, mama."

"Bila bamia," alisema Bi Mwamini, akatoka.

Mashine ikalia kwa mara ya mwisho jioni ile. MZIGO SALAMA. WEWE?

Mwantumu akacheka peke yake, machozi yanamshuka. Nje kulikuwa kumeanza kudondoka manyunyu. Mbingu ya Kibiti ilikuwa imefunga tangu adhuhuri, nyeusi tii kutoka ukingo hadi ukingo, mawingu mazito hasa. Na kwenye kioo, saa kumi na dakika kumi, nukta ya namba kumi na nne ilirudi barabarani, nyekundu, wazi, ikaelekea Somanga.

Akaitazama hadi jenereta lilipozimwa.